Chembe Zinazong'aa: Kugundua Jino la Mtoto Linaloanza Kuoza

Kuoza kwa jino hakuanzi na tundu. Bakteria wa mdomoni hula sukari na kutoa asidi, nayo asidi huyeyusha madini ya enameli, tabaka gumu la nje la jino. Hapo hubaki vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na mara nyingi hata picha ya eksirei haivionyeshi. Katika hatua hii jino bado linaweza kupona bila kuzibwa.

Chembe hizi ni nini?
Ni chembe ndogo sana zinazopimwa kwa nanometa. Milimita moja ina nanometa milioni moja. Hutiwa rangi inayong'aa ikimulikwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitengeneza za aina hii kwa wanga wa mahindi.

Kipimo hufanyikaje?
Mgonjwa husukutua kwa maji yenye chembe hizo, kisha kwa maji safi. Chembe hunasa kwenye vitundu vya sehemu inayoendelea kuoza. Daktari akimulika kwa taa ya buluu, ileile ya kukaushia dawa ya kuziba meno, sehemu hiyo hung'aa. Sehemu yenye afya haing'ai.

Je, ni salama?
Wanga huo humeng'enywa na mate, kama wanga wa ugali. Lakini chembe zinazong'aa si zote sawa. Baadhi zina kadimiamu, ambayo ni sumu, na hazifai kuwekwa mdomoni. Katika vipimo vya damu vinavyotumia chembe hizi, damu hutolewa kwanza na chembe hubaki kwenye kifaa, haziingii mwilini.

Usisubiri kipimo hiki
Mara moja kwa mwezi, inua mdomo wa juu wa mtoto uangalie meno karibu na ufizi. Doa jeupe kama chokaa linaweza kuwa mwanzo wa kuoza. Mpeleke kwa daktari wa meno hata kama halalamiki maumivu.

Nyumbani:

- Mpige mswaki mara mbili kwa siku tangu jino la kwanza, kwa dawa ya meno yenye floraidi: kiasi cha punje ya mchele kabla ya miaka 3, na punje ya njegere kuanzia miaka 3 hadi 6.
- Asilale na chupa ya maziwa, juisi au chai yenye sukari.
- Akiwa na kiu kati ya mlo na mlo, mpe maji.