Msongo wa kuzoea utamaduni mgeni

Msongo wa kuzoea utamaduni mgeni ni uchovu wa akili na mwili unaompata mhamiaji anapolazimika kuishi kwa lugha, sheria na desturi asizokulia. Wenyewe si ugonjwa, ila ukidumu unaweza kuzaa sonona, wasiwasi uliopitiliza au ulevi. Mwanasaikolojia wa Kanada, John Berry, aliona kwamba kwa kawaida hutulia zaidi wanaoshika ya kwao huku wakishiriki ya wenyeji. Wanaoumia zaidi ni waliokosa yote mawili.

Kuhama kumehusishwa pia na magonjwa makubwa ya akili: mwaka 1932 daktari wa akili Ørnulf Ødegaard alionyesha kuwa Wanorwei waliohamia Minnesota, Marekani, walilazwa kwa skizofrenia mara nyingi kuliko waliobaki kwao. Akadhani waliohama walikuwa na udhaifu tangu awali. Maelezo hayo hayatoshi. Nchini Uingereza, wahamiaji kutoka Karibi na watoto wao wana kiwango kikubwa cha ugonjwa huo, lakini tafiti za miaka ya 1990 huko Jamaika na Trinidad hazikukuta hali hiyo. Ubaguzi na upweke wa ugenini lazima vihesabiwe.

Kwa Wakongo waliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kwenda kuishi Marekani, msongo huo huonekana kwanza ndani ya nyumba. Mtoto hukijua Kiingereza upesi shuleni. Punde ndiye anayesoma barua ya mwenye nyumba, anayepokea simu ya mwalimu inayomlalamikia yeye mwenyewe, na anayekaa kati ya mama yake na daktari. Mama aliyebakwa vitani hawezi kuyasema hayo kwa kinywa cha mwanawe. Atasema kichwa kinamuuma na usingizi hauji, apewe vidonge vya maumivu, arudi nyumbani na mawazo yaleyale. Ni kumwonea mama, na ni kumtwisha mtoto mzigo usio wake. Kanuni za Marekani za mwaka 2016 zilizizuia hospitali zinazopata fedha za serikali kuu kutegemea watoto kutafsiri, isipokuwa kwa dharura.

Matibabu yanahitaji mkalimani mtu mzima aliyefunzwa kutunza siri, hata kama ni kwa simu. Naye aulizwe anatoka wapi: Kiswahili cha Kivu au Lubumbashi kinatofautiana na cha Dar es Salaam, na mgonjwa asiyeelewa vizuri mara nyingi huitikia tu kwa heshima.