Ubani wa Java ndani ya vepu

Kabla hujaagiza mizani, sindano za kupimia na chupa za plastiki ili uanze kuchanganya maji ya vepu nyumbani, tafuta mwanamke wa Garissa anayepika unsi, ukae naye jikoni asubuhi moja. Sisemi kwa utani. Karibu kila kanuni ya kazi hiyo anaijua: kitu cha kubeba harufu, kipimo, moto mdogo, subira ya majuma. Iko kanuni moja tu ambayo hatakufundisha kwa sababu yeye haimhusu, na kwa bahati mbaya ndiyo inayoua watu. Tutaifikia.

Unsi ni ule moshi unaokupokea ukiingia nyumba ya Kisomali, iwe Bulla Iftin, iwe Eastleigh, iwe Minneapolis. Watu wa Pwani wana ndugu yake, udi wa kupika. Sukari inachemshwa na maji kidogo mpaka inavutika kama gundi. Halafu vinaingia vipande vya udi, ubani uliopondwa, jawi, miski, na mwisho kabisa, moto ukishashuka, mafuta ya manukato ya zile chupa ndogo zinazotoka Dubai. Ukiyatia mapema yanaruka na mvuke, na pesa yako inaruka nayo. Unamwaga kwenye sinia, unaacha igande, unavunjavunja, unafungia kwenye kopo. Ayeyo wangu halifungui kopo kabla ya wiki mbili. Ukimharakisha anakwambia harufu bado zinagombana mle ndani, ziache zipatane.

Sasa sikia hii. Wachanganyaji wa vepu wa Ulaya na Marekani nao huficha chupa zao kabatini, gizani, wiki mbili au tatu, kwa sababu hiyo hiyo. Wanaandika kurasa na kurasa kuielezea. Ayeyo alimaliza kwa sentensi moja.

Moshi wa kutengeneza kwa mkono ni historia ndefu sana upande huu wa dunia. Miaka kama 3,500 iliyopita, Malkia Hatshepsut wa Misri alituma merikebu hadi nchi ya Punt, ambayo wataalamu wengi huiweka pande hizi za Pembe ya Afrika, na kwenye kuta za hekalu lake la Deir el-Bahari wachongaji wakaonyesha miti ya manukato ikibebwa na mizizi yake ndani ya vikapu. Yaani hawakutaka kununua tena, walitaka wakapande kwao. Periplus, kile kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza kilichoandikwa kwa ajili ya wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, kinataja ubani na manemane bandari baada ya bandari kwenye pwani ya Wasomali. Na mpaka leo, wachungaji wa Wajir na Mandera wakifuata ngamia porini huokota malmal, ambayo ndiyo manemane, na hagar, wakauzia madalali kwa kilo. Mzigo unashuka Isiolo, unaingia Nairobi, unaondoka na meli. Mchungaji mwenyewe mara nyingi hajui unakwenda kufanya nini huko.

Lakini mimi nataka tukae kwenye jawi.

Jawi haitoki kwetu. Ni utomvu wa mti wa Sumatra na nchi za jirani yake, na Waarabu waliouuza waliuita *luban jawi*, ubani wa Java, kwa sababu kwao visiwa vyote vile vilikuwa Java tu. Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu na Mombasa mwaka 1331, alifika Sumatra miaka kama kumi na mitano baadaye na akaandika habari za miti ya manukato ya huko. Wazungu wa kusini waliponunua *luban jawi* kwa Waarabu, walidhani ile *lu* ya mwanzo ni kitambulishi kama kilichomo kwenye lugha zao, wakaikata. Likabaki *banjawi*, likawa *benjoin* kwa Wafaransa, *benzoin* kwa Waingereza. Katika karne ya 16 watu waligundua kwamba ukiipasha moto gundi hii inatoa unga mweupe wa chembechembe: asidi ya benzoiki. Mwaka 1833 mwanakemia Mjerumani Eilhard Mitscherlich akaipika asidi hiyo na chokaa, akapata kimiminika chepesi, akakiita *Benzin*. Ndiyo maana mafuta ya gari kwa Kiitaliano ni *benzina*, na ndiyo maana mzee wa Kisomali wa Garissa akitaka petroli anasema bansiin. Jina la ubani wa ayeyo liko ndani ya mtungi wa kijana wa bodaboda. Mimi niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, sina cheti cha kukuonyesha, lakini neno hili moja lilinifurahisha kuliko mihadhara mingi niliyokaa nikisinzia.

Na jawi haikuishia kwenye petroli. Ili uone ilikoenda, inabidi kwanza tupitie kwa wazee wanaotafuna.

Tumbaku ilitoka Amerika. Nikotini imepewa jina la Jean Nicot, balozi wa Ufaransa aliyekuwa Lisbon mwaka 1560. Kwetu ilipofika, watu wengi hawakuivuta, waliitafuna au kuinusa. Na karibu kila mahali Afrika Mashariki, mpaka Sudan, walikuja kugundua jambo moja: tumbaku peke yake ni dhaifu mdomoni, tia magadi. Wengine hutia majivu. Mzee anayetafuna buuri yake chini ya mgunga hawezi kukuchorea fomula, lakini anachofanya ni kemia sahihi kabisa. Magadi huiachilia nikotini kutoka kwenye chumvi zake za asili, na nikotini iliyo huru hupenya ngozi ya ndani ya mdomo haraka. Ndiyo maana kichwa kinazunguka.

Sigara za kielektroniki za mwanzo zilitumia nikotini hiyo iliyo huru. Aliyezitengeneza kwa namna tunayoijua ni Hon Lik, mfamasia wa China, mwaka 2003. Kuna Mmarekani, Herbert Gilbert, aliyekuwa ameomba hataza ya kitu cha aina hiyo tangu 1963, lakini wakati huo hakuna aliyemsikiliza. Shida ya nikotini huru ni kwamba ukizidisha, koo linawaka, unakohoa, unaacha. Koo lilikuwa askari. Mwaka 2015 kampuni ya Marekani ikatoa JUUL, na siri yake ilikuwa kinyume cha magadi: waliongeza asidi, nikotini ikarudi kuwa chumvi, ikawa laini kooni, na mtu akaweza kuvuta nyingi bila kuhisi. JUUL ya kwanza ilikuwa na takriban miligramu 59 kwa mililita. Ulaya ilikuwa imeweka kikomo cha 20 mwaka mmoja kabla.

Asidi waliyotumia? Ya benzoiki. Jawi.

Siku hizi hutengenezwa kiwandani, haitokani tena na utomvu, lakini jina ni lile lile lililotoka Sumatra likapitia kwa Waarabu wale wale waliotuletea kilichomo kwenye kopo la ayeyo. Vijana wenye vepu za kutupa, zile za rangi za peremende, wanavuta chumvi ya ubani wa Java bila kujua, halafu wakifika nyumbani wanalalamika unsi inawaumiza kichwa.

Haya, mambo ya kuanza kuchanganya. Maji ya vepu yana vitu vinne tu. Gliserini, ambayo hutoa wingu. Ni ile ile ya chupa ndogo tunayopaka miguu ikipasuka na ukame, ingawa ya kuvuta lazima iwe safi kiwango cha dawa na isiwe imetiwa manukato. Mwislamu atauliza imetoka kwenye mafuta ya mnyama au ya mmea, na ni swali zuri, usione haya kuliuliza. Cha pili ni propilini glaikoli, ambayo hubeba ladha na hukwaruza koo kidogo. Wengi huanza na sehemu saba za gliserini kwa tatu za hiyo ya pili. Halafu ladha. Halafu nikotini, na hapa ndipo mtu anapaswa kukaa chini na kalamu. Ukitaka mililita 100 zenye miligramu 3 kwa kila mililita, na nikotini uliyonunua ina miligramu 100 kwa mililita, unatia mililita 3. Siyo 30. Nukta moja ikikaa vibaya na umejitengenezea sumu. Nikotini hupita kwenye ngozi, kwa hivyo glavu si mapambo. Desemba 2014 mtoto wa mwaka mmoja alifariki katika jimbo la New York baada ya kumeza nikotini ya maji, na mwanzoni mwa 2016 Marekani ikalazimisha kwa sheria vifuniko ambavyo mtoto hawezi kufungua. Fikiria sasa nyumba zetu, watoto kumi na wawili wa ndugu wanne, na kila chupa iliyo chini ni mchezo. Pia vitabu vinasema ihifadhi mahali penye baridi na giza. Garissa giza tunalo, hata soko letu linaitwa Mugdi, giza. Baridi ndiyo sijui utaitoa wapi Machi.

Binamu yangu mmoja, kijana wa miaka 21, alikuwa na vyote isipokuwa ladha. Gliserini alinunua duka la dawa, nikotini aliagiziwa. Akatazama kabati la ayeyo: udi, miski, waridi, chupa nzuri kuliko ladha yoyote ya embe ya kiwandani. Akanitumia ujumbe kuuliza matone mangapi, kwa sababu mimi ndiye ninayesoma kwenye ukoo. Wazo lake lilikuwa na mantiki yote ya historia niliyokueleza. Mafuta haya familia yetu imeyachoma miaka na miaka, nani amekufa?

Nilienda kwake. Nikamwaga gliserini kwenye glasi, nikadondosha udi tone moja. Likaelea juu, likakataa kuchanganyika, likakaa pale kama jicho.

Hiyo ndiyo kanuni ambayo mpika unsi hana haja nayo. Yeye huweka harufu juu ya kaa la moto ndani ya dabqaad, moshi unapanda, unatawanyika chumbani, unashika shela na nywele. Si hewa safi hata hiyo, tusidanganyane, lakini mafuta yenyewe hayafuatwi hadi ndani ya kifua. Vepu hubeba kila kilichomo mpaka kwenye vifuko vidogo vya mwisho vya mapafu, na pafu halina njia ya kuosha mafuta. Mwaka 2019 Marekani ilishuhudia vijana wakiingia hospitalini wakishindwa kupumua. Kufikia Februari 2020 walihesabiwa 2,807 waliolazwa au kufa, na waliokufa ni 68. Wengi wao walikuwa wametumia mafuta ya bangi ya vichochoroni, na kilichopatikana kwenye maji ya mapafu yao ni asetati ya vitamini E. Vitamini E! Kitu ambacho watu wanakimeza na kujipaka kila siku. Mwaka 2000, tena, wafanyakazi wanane wa zamani wa kiwanda cha bisi, yaani popkoni, huko Missouri waligunduliwa na ugonjwa unaoziba mapafu daima, na chanzo kilikuwa diasetili, ladha ya siagi wanayokula watu sinema. Kinachofaa tumbo au ngozi hakijaruhusiwa kifuani kwa sababu hiyo tu.

Binamu alisema ameyamwaga. Mimi niliona glasi ikiwa tupu, chupa ya udi sikuiona tena.

Serikali nayo? Kaskazini tumezoea katazo kutoka Nairobi. Wakati wa ukoloni uliomba kibali hata kuingia NFD, na hali ya hatari haikuondolewa mpaka 1991. Shisha ilipigwa marufuku Kenya Desemba 2017, waziri wa afya akiwa Cleopa Mailu, na Mahakama Kuu ikaunga mkono mwaka uliofuata. Uganda ilikataza shisha na sigara za kielektroniki kwa pamoja katika sheria yake ya 2015. Sheria yetu ya kudhibiti tumbaku ni ya 2007, wakati ambapo hakuna mtu Garissa aliyekuwa amesikia vepu, na mwaka 2024 Seneta Catherine Mumma alipeleka mswada wa kuirekebisha ili iguse hivi vitu vipya na vifuko vya nikotini. Wanasiasa wanazungumzia ladha za peremende na watoto wa shule, na wako sahihi. Ila mchanganyaji wa nyumbani haonekani kwenye mazungumzo hayo, kwa sababu hana kiwanda wala nembo. Viungo vyake viko vitatu vilivyo halali kabisa na kimoja kinachokuja kwa basi la usiku ndani ya mfuko wa nguo. Gliserini iko dukani, rafu ya katikati, karibu na mafuta ya nazi, na muuzaji hakuulizi ni ya miguu au ya nini.