Udhoofu wa misuli katika ugonjwa sugu wa figo

Udhoofu wa misuli katika ugonjwa sugu wa figo ni hali ya kupungua kwa ukubwa na nguvu za misuli kwa mtu ambaye figo zake zimekuwa na hitilafu kwa miezi 3 au zaidi. Mgonjwa huchoka upesi, hushindwa kupanda ngazi au kubeba ndoo ya maji, na huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuanguka na kufariki mapema. Hali hii huweza kuanza kabla ya hatua ya kusafishwa damu kwa mashine.

Sababu

Figo zikishindwa kuondoa asidi, asidi hiyo hubaki katika damu na kuchochea mwili kuvunja protini za misuli. Figo pia hutengeneza homoni ya erithropoietini, inayosaidia kuzalisha chembe nyekundu za damu. Homoni hiyo ikipungua, mgonjwa hupungukiwa damu na misuli hukosa oksijeni ya kutosha.

Sababu nyingine ni kukosa hamu ya kula, kisukari na kukaa bila kujishughulisha. Kwa wanaosafishwa damu, asidi amino hupotea kila mara, na kwa kawaida mgonjwa hukaa kwenye mashine takriban saa 4, mara 3 kwa wiki.

Vipimo

Uwezo wa mwili hupimwa kwa umbali ambao mgonjwa anaweza kutembea kwa dakika 6, kwa kuinuka kitini bila kutumia mikono, au kwa nguvu za kiganja. Kipimo cha kreatinini huweza kupotosha: kwa kuwa kreatinini hutokana na misuli, aliyekonda sana huweza kuonekana ana figo nzuri kuliko zilivyo.

Mazoezi

Kumtaka mgonjwa apumzike tu huzidisha udhoofu. Miongozo ya kimataifa ya KDIGO inapendekeza mazoezi ya wastani kwa jumla ya angalau dakika 150 kwa wiki, kadiri moyo na mwili unavyoruhusu. Katika utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2017, wagonjwa wa kusafishwa damu waliofanya mazoezi mepesi ya kutembea nyumbani kwa miezi 6 waliongeza umbali wa dakika 6 kutoka wastani wa mita 328 hadi 367. Wasiofanya mazoezi hayo hawakubadilika.

Mazoezi huanza kidogo kidogo baada ya kumwona daktari. Mgonjwa huacha mara moja akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuishiwa pumzi. Mkono wenye fistula ya kusafishia damu haubanwi wala haubebeshwi mizigo mizito.

Lishe

Asiyesafishwa damu hushauriwa kula takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Anayesafishwa huhitaji gramu 1.0 hadi 1.2. Potasiamu nyingi katika damu hulegeza misuli na huweza kusimamisha moyo. Kwa hiyo ambaye potasiamu yake iko juu huambiwa apunguze ndizi na madafu, ambayo ni ya kawaida mwambao wa Pwani.

Hali nchini Tanzania

Utafiti wa Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 7 ya watu wazima: asilimia 15.2 mjini na 2 vijijini. Upandikizaji wa figo ulianza nchini mwaka 2017 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, kisha mwaka 2018 katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma.

Kwa mkazi wa kata ya Zinga, Wilaya ya Bagamoyo, anayesafishwa damu Dar es Salaam, safari huongeza saa za kukaa na uchovu. Kutembea, ambako hakuhitaji mashine wala ada, ndiyo sehemu ya tiba anayoweza kuifanya nyumbani siku ambazo haendi hospitali.