Nishani za Keya Zisigawanywe

Ukipanda kutoka Moshi mjini kwenda Uru, Kibosho, Machame au Marangu, hutapita vihamba vingi kabla ya kuifikia nyumba yenye kasha la bati chini ya kitanda, na ndani yake mna vitu vya mzee aliyekuwa Keya. Keya ndivyo wazee wetu walivyotamka K.A.R., King's African Rifles, jeshi la Mwingereza katika Afrika Mashariki.

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia Watanganyika wapatao 87,000 waliingia jeshini. Wako waliopigana na Waitaliano huko Uhabeshi mwaka 1941, wako waliopelekwa Madagaska mwaka 1942, na wako waliovushwa bahari kwenda kupambana na Wajapani Burma. Babu yangu mzaa baba alikuwa wa Burma, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyovaa alama ya kichwa cha kifaru. Mwaka 1944, mvua za huko zikimwagika, divisheni hiyo iliteremka bonde la Kabaw, bonde lenye sifa mbaya kwa malaria, na mapema Desemba ikaingia Kalewa, kando ya mto Chindwin. Babu alizungumzia matope kuliko risasi. Na mtu wa mlimani, aliyeizoea masika ya Kilimanjaro, akikuambia hajapata kuona matope kama yale, msadiki.

Aliacha nishani tatu: Nyota ya 1939–45, Nyota ya Burma, na medali ya vita yenye kichwa cha Mfalme George wa Sita. Aliacha pia cheti cha kuachishwa jeshi na picha ya vijana watatu wenye sare. Bibi alivitunza. Bibi alipofariki, ukoo ulikaa kugawa vilivyobaki. Nyumba na kihamba vilikwisha kuwa vya kitinda mimba, kama ilivyo mila yetu. Lilipofika suala la kasha, ikatolewa hoja iliyowapendeza wengi: watoto wa kiume ni watatu, nishani ni tatu, kila mmoja achukue yake.

Nilipinga kikaoni, na leo napinga hadharani kwa sababu najua nyumba nyingi zinalo jambo hili.

Nishani za Uingereza za vita ya 1914–1918 zilichongwa jina na namba ya askari. Za vita ya pili, Uingereza ilizitoa tupu. Wahindi na Waafrika Kusini walichongewa za kwao. Za babu hazina hata herufi yake moja. Igeuze Nyota ya Burma mbele na nyuma, huoni ni ya nani. Jina lake na namba yake ya jeshi vimo katika cheti tu. Nishani ikienda Dar es Salaam na cheti kikabaki Moshi, kwa kitukuu hicho ni kipande cha shaba, na wanunuzi wa vyuma chakavu hawakosi kupita.

Wanaodhani makaratasi ya mzee ni takataka, wasikie habari ya Mwanza. Inasimuliwa kwamba mwaka 1964, mwaka aliofariki Jenerali von Lettow-Vorbeck, Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wake wa Kiafrika mishahara waliyokuwa wakidai tangu vita ya kwanza. Wazee kama 350 wakajitokeza Mwanza. Wachache mno walikuwa na cheti. Wengine walishika vipande vya sare kuukuu. Wengine mikono mitupu. Basi mlipaji akawa anampa kila mzee ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Inasemekana hakuna aliyeshindwa. Watu husimulia kisa hicho wakicheka. Mimi hunikera, mzee wa miaka sabini kubeba ufagio begani mbele ya mtu wa benki ili asadikiwe.

Waliokufa wana mwangalizi. Hapa Moshi makaburi ya vita yanatunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Aliyerudi mzima akalima kahawa yake mpaka akazeeka, hana tume. Ana wajukuu.

Kazi yenyewe si kubwa. Nishani zisisuguliwe kwa majivu wala Brasso, maana kila ukisugua unaondoa kidogo. Utepe uliochakaa uachwe hivyo hivyo. Cheti kisifunikwe nailoni kwa mashine ya moto kama vyeti vya shule, kwani hakitoki tena humo. Kipigwe fotokopi, kisha kikae kwenye bahasha safi, mbali na moshi wa jiko, unyevu na mchwa.

Kikao kilikubali kasha libaki zima kwa kitinda mimba, na kila nyumba ipate fotokopi na picha za nishani. Limebaki moja. Katika ile picha ya vijana watatu, tunamjua babu tu. Shangazi yetu, aliyezaliwa mwaka 1946 baada ya babu kurudi, anasema aliwahi kutajiwa majina ya wale wawili, na mmoja alikuwa wa Rombo. Jumamosi hii napanda kwake na daftari.