Mbunge Aliyenyimwa Kiapo

Jumatatu ya tarehe 10 Januari 1966, wabunge wateule wa jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, walikusanyika mjini Atlanta kula kiapo. Kabla shughuli haijaanza, karani wa Baraza la Wawakilishi alimwomba mmoja wao akae kando kwanza. Wabunge 75 walikuwa wamewasilisha malalamiko wakidai kwamba kijana yule hafai kuketi pamoja nao. Wenzake wakanyoosha mikono, wakaapa. Kamati ikaundwa, ushahidi ukasikilizwa, na siku hiyohiyo Baraza likapiga kura: 184 wakataka azuiwe, 12 wakapinga.

Jina lake lilikuwa Julian Bond. Alikuwa amebakiza siku nne kutimiza miaka 26.

Mbali na Kongresi ya Washington, Marekani ina mabunge 50 ya majimbo, na kwa mtazamaji wa mbali yanaweza kuonekana kama vikao vya madiwani. Sivyo. Hayo ndiyo yanayotunga sheria za shule, magereza, mirathi na kodi nyingi, na zaidi ya yote, mengi yake ndiyo yanayochora mipaka ya maeneo ya uchaguzi. Lile la Georgia kwa kawaida hukaa siku 40 tu kwa mwaka, kisha mbunge anarudi kwenye shamba lake, duka lake au ofisi yake ya uwakili. Ni kazi ambayo wengi wameifanya miaka 30 na kuondoka bila kujulikana nje ya wilaya zao. Bond alijulikana nchi nzima kabla hajaifanya hata siku moja.

Hakutoka katika nyumba ya watu wanyonge. Babu yake, James Bond, alizaliwa mtumwa huko Kentucky, na katika ukoo ilisimuliwa kwamba alikwenda Chuo cha Berea kwa miguu huku akiswaga ng'ombe ambaye ndiye aliyekuwa karo yake. Masimulizi ya namna hiyo hayatamshangaza msomaji wa Bukoba wala wa Narok. Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa msomi wa historia ya elimu, na mwaka 1945 akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuongoza Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, ambacho kabla ya hapo kilikuwa kimewasomesha Kwame Nkrumah wa Ghana na Nnamdi Azikiwe wa Nigeria. Mama yake, Julia, alikuwa mkutubi. Mwanazuoni W. E. B. Du Bois alikuwa mgeni wa familia. Mtoto wa nyumba kama hiyo, aliyezaliwa Nashville mwaka 1940 na kupelekwa shule ya bweni ya Waquaker, alitarajiwa kuwa profesa.

Mwaka 1957 akaingia Chuo cha Morehouse, Atlanta, ambako baadaye alisoma somo la falsafa chini ya Martin Luther King. Februari 1960, wanafunzi wanne Weusi wa Greensboro, North Carolina, waliketi kwenye kaunta ya mkahawa wa Wazungu na kukataa kuondoka. Mwanafunzi mwenzake wa Morehouse, Lonnie King, alimfuata Bond akiwa na gazeti lenye habari hiyo, akamuuliza kama haoni kwamba jambo hilo lingefaa kufanyika Atlanta pia. Machi 15 mwaka huo Bond aliongoza kundi lililokwenda kukaa katika mkahawa wa ukumbi wa jiji, akakamatwa. Mwezi uliofuata alikuwa miongoni mwa waliounda SNCC, kamati ya wanafunzi ya kuratibu harakati zisizotumia nguvu, na kuanzia 1961 akaacha masomo ili awe msemaji wake.

Kazi hiyo ilimpika. Vijana wa SNCC walikuwa vijijini Mississippi na Alabama wakiandikisha wapiga kura, wakipigwa, wakichomewa makanisa. Bond alikaa Atlanta kwenye simu na mashine ya kurudufisha, akihakikisha kila kipigo kinafika magazetini kikiwa na jina, mahali na saa. Alijifunza kuongea kwa sentensi fupi ambazo mwandishi hawezi kuzipinda, na waandishi wakajua ukimpigia Bond unapata jibu.

Afrika pia iliwavuta vijana hawa. Desemba 1963 Oginga Odinga wa Kenya alipopita Atlanta, wanaharakati wa SNCC walimtembelea hotelini, na walipotoka wakaenda kukaa katika mkahawa wa jirani uliowabagua. Baadhi yao wakaishia rumande, na tukio zima likatungiwa wimbo. Septemba 1964, kwa msaada wa mwanamuziki Harry Belafonte, ujumbe wao ulialikwa Guinea na Rais Sékou Touré. Bond alikuwamo, pamoja na mwanaharakati mwenzake Fannie Lou Hamer na rafiki yake mkubwa, John Lewis. Bond alirejea nyumbani. Lewis yeye akaendelea na safari hadi nchi nyingine, Kenya ikiwamo, na huko Nairobi akakutana na Malcolm X. Jina hilo la Lewis tutalirudia.

Kiti chenyewe kilitoka mahakamani. Kwa miongo mingi Georgia ilikuwa imepanga chaguzi zake kwa namna ambayo wilaya ndogo ya mashambani iliweza kuuzidi uzito mtaa mzima wa Atlanta, na kwa hiyo kura ya mtu Mweusi wa mjini, hata pale aliporuhusiwa kuipiga, haikuwa na maana kubwa. Mwaka 1963 na 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba kura moja lazima iwe sawa na nyingine. Mipaka ikachorwa upya, na mwaka 1965 ukaitishwa uchaguzi maalumu. Bond alisimama katika eneo la 136, alilokuwa akiishi, akipita nyumba kwa nyumba na kuzungumza juu ya kima cha chini cha mshahara. Alipata asilimia 82 ya kura. Weusi wanane walichaguliwa kwenye Baraza la Wawakilishi mwaka huo, miongoni mwao Grace Towns Hamilton, mwanamke Mweusi wa kwanza katika bunge hilo. Mara ya mwisho mtu Mweusi kuketi ndani ya Baraza hilo ilikuwa mwaka 1907.

Wanane wakachaguliwa na saba wakaapishwa. Kwa nini si yeye?

Januari 3, 1966, Sammy Younge, mwanafunzi wa Tuskegee aliyekuwa amelitumikia jeshi la wanamaji la Marekani, alipigwa risasi na kuuawa huko Alabama baada ya ugomvi juu ya choo cha Wazungu kwenye kituo cha mafuta. Siku tatu baadaye SNCC ilitoa tamko la kupinga vita vya Vietnam, ikihoji ni uhuru gani Mmarekani Mweusi anapelekwa kuupigania ng'ambo, na kuwaunga mkono vijana wasiotaka kuitikia wito wa jeshi. Bond hakuliandika tamko hilo. Mwandishi wa redio akampigia simu kumuuliza kama analikubali. Mtu mwingine angesema atatoa maoni baadaye, hasa zikiwa zimebaki siku chache aapishwe. Yeye akajibu kwamba analikubali.

Mbele ya kamati ya Baraza alibanwa kuhusu vijana waliochoma kadi zao za kuitwa jeshini. Alisema anaheshimu ujasiri wa mtu anayefanya hivyo huku akijua kitakachompata, lakini hajawahi kumshauri yeyote achome, na kadi yake mwenyewe anayo mfukoni, wakitaka awatolee waione. Haikusaidia. Hoja ya wapinzani, wakiongozwa na James Floyd ambaye jina lake lingeingia katika vitabu vya sheria kwa sababu hiyo, ni kwamba mtu mwenye maneno kama hayo hawezi kuapa kwa moyo mweupe kuilinda Katiba.

Wazee wa Atlanta walikuwa na kumbukumbu ya jambo lililofanana na hilo. Septemba 1868, miaka mitatu baada ya utumwa kukomeshwa, bunge hilohilo la Georgia liliwafukuza wabunge wake Weusi kwa madai kwamba katiba ya jimbo iliwapa haki ya kupiga kura, siyo ya kushika madaraka. Mchungaji Henry McNeal Turner, mmoja wa waliofukuzwa, alisimama akawaambia wenzake kwamba hatawabembeleza kwa ajili ya haki yake. Walirudishwa mwaka 1870 kwa shinikizo la Washington. Mwaka 1966 hakuna aliyethubutu kutaja rangi kwenye hoja. Kilichotajwa ni uzalendo. Siku Bond alipotimiza miaka 26, Martin Luther King aliongoza maandamano hadi kwenye jengo la bunge kumtetea.

Bond akaenda mahakamani. Majaji wawili kati ya watatu wa mahakama ya shirikisho ya Atlanta waliliunga mkono Baraza. Wa tatu, Elbert Tuttle, akapinga. Wakati kesi ikipanda ngazi, kiti kikatangazwa kuwa wazi na uchaguzi mdogo ukaitishwa. Bond akagombea, akashinda. Baraza likamkataa tena. Ukaja uchaguzi wa kawaida wa Novemba 1966. Akashinda tena. Wapiga kura wa mtaa mmoja walimpeleka mtu yuleyule mara tatu kwa watu wasiomtaka, na mimi nadhani sehemu hiyo ya historia husahaulika kwa sababu mahakama ndiyo iliyopata sifa.

Desemba 5, 1966, Mahakama ya Juu iliamua kwa sauti moja, majaji tisa kwa sifuri. Jaji Mkuu Earl Warren aliandika kwamba jimbo linaweza kumtaka mbunge aape, ila haliwezi kukigeuza kiapo kuwa kipimo cha kunusa moyo wa mtu kwa lengo la kumziba mdomo. Georgia ilikuwa imedai kwamba mbunge anapaswa kuwa na uhuru mdogo wa kusema kuliko raia wa kawaida. Warren aliipindua hoja hiyo: mbunge ana wajibu wa kutoa msimamo katika mambo yenye ubishi, ili waliomtuma wajue wamemtuma nani. Januari 9, 1967, Bond aliapishwa. Mwaka huohuo akatoa kitabu kidogo cha katuni kuhusu Vietnam, kinachoeleza kwa lugha nyepesi kwa nini alikuwa anaipinga vita hiyo. Hakuwa amenyamazishwa.

Umaarufu ulimtangulia kila alipokwenda. Agosti 1968, kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Chicago, aliongoza wajumbe waliopinga ujumbe uliopangwa na gavana mbaguzi wa Georgia, Lester Maddox, wakafanikiwa kupewa nusu ya viti. Jina lake likapendekezwa kwa nafasi ya makamu wa rais. Ilibidi alitoe mwenyewe: Katiba inataka miaka 35, yeye alikuwa na 28.

Kisha ikaja miaka ambayo magazeti hayakuiandika sana. Bond alikaa Baraza la Wawakilishi hadi 1975, halafu Seneti ya Georgia hadi 1987, miaka 20 kwa jumla. Huko nyuma, mwaka 1971, alirudi Morehouse kumaliza shahada ya Kiingereza aliyoiacha miaka kumi kabla, na akawa rais wa kwanza wa Southern Poverty Law Center, taasisi ya mawakili wa haki za raia. Sheria alizozisukuma bungeni ni za mambo ya nyumbani kwa watu: upimaji wa selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita sikoseli, na mikopo ya nyumba yenye riba nafuu kwa wenye kipato kidogo. Lakini pia alikuwa akialikwa kila chuo kutoa mihadhara, na mwaka 1977 aliendesha kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live kwenye televisheni. Wapo waliolalamika kwamba anaonekana zaidi nje kuliko kwenye kiti chake. Lawama hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli, na ilikuja kumgharimu.

Vita yake kubwa zaidi ya bungeni ilikuwa ya ramani. Baada ya sensa ya 1980, alidai eneo la tano la Kongresi, lenye Atlanta ndani yake, lichorwe ili wapiga kura Weusi wawe na nguvu halisi ya kumchagua wamtakaye. Bunge likagoma. Mwaka 1982 mahakama ya shirikisho mjini Washington iliikataa ramani ya jimbo kwa ubaguzi, na eneo likachorwa upya, Weusi wakawa karibu asilimia 65. Mbunge wake, Wyche Fowler, Mzungu, alibaki hadi 1986 alipoondoka kuwania Seneti ya taifa.

Nani angekichukua kiti ambacho Bond alikipigania? Kila mtu alidhani ni Bond. Aliyejitokeza kumpinga ni John Lewis, mtoto wa mkulima wa Alabama, asiye na ufasaha wala sura ya televisheni, rafiki waliyesafiri naye Guinea. Kwenye kura za mchujo Bond aliongoza kwa asilimia 47 dhidi ya 35, lakini hakufika nusu. Katika duru ya pili Lewis aligonga palepale penye kidonda: alijiita farasi wa kazi, si wa maonyesho, na kwenye mdahalo akamtaka Bond waende wote wakapimwe dawa za kulevya. Bond alikataa. Weusi wengi walimpigia Bond, Wazungu kwa wingi mkubwa wakampigia Lewis, na Septemba 2 Lewis akashinda kwa asilimia 52 kwa 48. Alikalia kiti hicho hadi alipofariki mwaka 2020. Urafiki ulichukua miaka kupona.

Bond hakuchaguliwa tena kwa kura za wananchi. Sauti yake ikaendelea kusikika katika Eyes on the Prize, mfululizo wa filamu za televisheni kuhusu harakati za haki za raia, alioanza kuusimulia mwaka 1987. Alifundisha historia Chuo Kikuu cha Virginia, na kuanzia 1998 hadi 2010 aliongoza bodi ya NAACP, chama kikongwe cha haki za Weusi. Februari 2013, akiwa na miaka 73, alikamatwa mbele ya Ikulu ya Marekani katika maandamano ya kupinga bomba la mafuta la Keystone XL. Alifariki Agosti 15, 2015, huko Florida.

Aprili 6, 2023, Baraza la Wawakilishi la Tennessee, linalokaa Nashville alikozaliwa Bond, liliwafukuza wabunge wawili vijana Weusi, Justin Jones na Justin Pearson, kwa kuongoza maandamano ndani ya ukumbi kudai sheria kali za bunduki. Safari hii kosa lililotajwa lilikuwa kuvunja kanuni za kikao, jambo ambalo kesi ya Bond hailikingi moja kwa moja. Ndani ya wiki moja mabaraza ya maeneo yao yaliwarudisha kwa muda, na Agosti wapiga kura wakawachagua upya.