Kwa Nini Kufuta Programu Kwenye Windows Ni Kazi Kuliko Kuiweka?

Kuweka programu kwenye Windows ni kubonyeza mara mbili tatu, umemaliza. Ngoja sasa uitoe! Unafuta, unaambiwa imetoka, kesho unakuta folda yake bado ipo na imejaa mafaili. Wengi wanadhani ni virusi. Wala! Ni historia.

Enzi za MS-DOS, miaka ya 1980, mambo yalikuwa mepesi. Programu nyingi zilikaa kila moja kwenye folda yake. Ukiichoka unafuta folda, basi.

Shida ilikuja na Windows. Diski na memori za wakati ule zilikuwa ndogo tena bei mbaya, hivyo programu zikawa zinachangia mafaili yanayoitwa DLL, mengi yakiwa kwenye folda moja ya mfumo. Ni kama nyumba ya kupanga yenye jiko moja: mpangaji mmoja akihama, nani ajue sufuria ipi ni yake? Akiacha vyote, uchafu unabaki. Akibeba cha jirani, programu nyingine inagoma kuwaka. Mafundi waliuita mkanganyiko huo jehanamu ya DLL.

Agosti 1995 ikatoka Windows 95, ikiwa na sehemu maalumu ya kuondoa programu. Watu wakashangilia, ila kulikuwa na mtego. Windows yenyewe haikufuta kitu, iliita tu kifaa cha kufutia alichokiandika mwenye programu. Akiwa mvivu, au hataki uondoke, imekula kwako.

Linganisha na wengine. Kwenye Mac programu nyingi ni kifurushi kimoja, unakiburuta kwenye kapu la taka, ingawa mipangilio yake hubaki. Kwenye Linux kama Debian, mfumo wenyewe unatunza orodha ya mafaili ya kila programu uliyoiweka kupitia kwake, kwa hiyo siku ya kuitoa unajua pa kugusa.

Lakini si kila ugumu ni wa kiufundi. Windows 98 ilikuja na Internet Explorer, na kwenye orodha ya vya kufuta haikuwemo! Mwaka huohuo serikali ya Marekani ikaipeleka Microsoft mahakamani. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ikasema kuificha brauza hiyo kwenye orodha kulivunja sheria ya ushindani.

Leo mchezo umehamia kwenye simu. Zile aplikesheni ulizozikuta tangu dukani, nyingi zinakubali kuzimwa tu, kufutwa hazitaki. Umoja wa Ulaya tangu Machi 2024 unayalazimisha makampuni makubwa yaruhusu watu kuziondoa, isipokuwa zile ambazo simu haiwezi kwenda bila hizo.

Hela ya simu umetoa wewe, lakini cha kubaki ndani anaamua mwingine. Sasa hapo mwenye simu ni nani?

Haya wadau, aplikesheni gani imegoma kutoka kwenye simu yako? Funguka hapo chini.