Hesabu ya Misimu Miwili: Mikunde ya Kufunika Udongo na Mavuno ya Mahindi

Katika mafunzo ya ugani na ripoti za kilimo hifadhi Afrika Mashariki kuna dai linalorudiwa mara nyingi: hekta moja ya mukuna, mkunde wa kufunika udongo, ikistawi hukusanya naitrojeni inayoizidi ile ya mifuko mitano ya urea, kwa hiyo mkulima asiyeipanda anaacha mbolea ya bure. Hesabu yenyewe haina kasoro. Tani tano za majani makavu yenye naitrojeni asilimia 2.5 zina kilo 125 za naitrojeni, ilhali mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 tu. Kasoro iko kwenye hitimisho. Dai hilo likishakubaliwa, kinachobaki ni kueleza kwa nini wakulima wengi hawapandi mukuna, na jibu la haraka huwa kwamba elimu haijawafikia. Makala haya yanalipinga jibu hilo. Mkulima anayeikataa mukuna mara nyingi amepiga hesabu iliyo sahihi kuliko ya mtaalamu, kwa kuwa yeye amehesabu misimu yote ambayo ardhi yake ilishikwa, na mtaalamu amehesabu ule wa mwisho peke yake.

Kwamba mikunde hurutubisha udongo hakuna anayebisha. Bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi hunasa naitrojeni ya hewani; majani yanayotanda hukinga udongo dhidi ya matone ya mvua, hutunza unyevu na kuyabana magugu. Kazi ya kituo cha utafiti cha ICIPE kule Mbita, magharibi mwa Kenya, imeonesha pia kwamba desmodi iliyopandwa kati ya mistari ya mahindi hulidhoofisha gugu la kiduha kwa kemikali zinazotoka mizizini mwake. Hayo yamethibitishwa vya kutosha.

Ugomvi unaanza pale faida ya udongo inapogeuzwa kuwa faida ya mkulima bila kupitia ghalani. Si naitrojeni yote inayopimwa kwenye majani iliyotoka hewani. Sehemu yake mmea umeichota udongoni, palepale ambapo mahindi yangeichota. Na ile inayorudi ardhini haichukuliwi yote na zao linalofuata: kwa kawaida mahindi ya msimu wa kwanza hupata kati ya asilimia 10 na 30 ya naitrojeni ya masalia, na iliyobaki huingia kwenye mboji ya udongo, hupotea hewani au huchujwa na mvua kwenda chini. Ni kweli kwamba urea nayo hupotea, wala haifiki yote kwenye punje. Lakini kuzitafsiri kilo 125 za naitrojeni ya majani kuwa mifuko mitano ya dukani ni kumpa mkulima ahadi ambayo shamba halitaitimiza.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi ni uchambuzi wa Sileshi na wenzake uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la Plant and Soil. Walikusanya matokeo ya machapisho 94 kutoka Afrika Magharibi, Mashariki na Kusini, wakalinganisha mahindi yaliyofuata mikunde na mahindi yaliyolimwa mfululizo bila mbolea. Mahindi yaliyowekewa mbolea kamili ya viwandani yaliongeza wastani wa tani 2.3 kwa hekta. Yaliyofuata miti ya jamii ya mikunde inayochipua baada ya kukatwa yaliongeza tani 1.6, miti isiyochipua, tani 1.3, mikunde ya majani kama mukuna na marejea, tani 0.8. Ardhi iliyopumzishwa bila kupandwa kitu iliongeza tani 0.3. Takwimu hizi hunukuliwa sana kama ushindi wa mikunde, na kwa upande wa udongo ni ushindi kweli. Tuzisome sasa kwa jicho la mwenye ekari mbili.

Chukua shamba linalotoa tani moja ya mahindi kwa hekta bila mbolea, kiwango kinachojulikana sana kwenye ardhi iliyochoka. Mkulima akipanda mahindi misimu miwili anavuna tani mbili. Akipanda mukuna msimu wa kwanza, ghala linabaki tupu. Msimu wa pili anavuna ile tani yake moja na nyongeza ya tani 0.8. Amelisha udongo, lakini amepoteza kilo 200 za chakula. Shamba likiwa linatoa tani 1.5, hasara inafika kilo 700. Hesabu inageukia upande wa mukuna pale tu mavuno ya kawaida yanaposhuka chini ya tani 0.8, na hapo linazuka tatizo jingine: ardhi iliyochoka kiasi hicho mara nyingi imeishiwa fosforasi, na mkunde usiopata fosforasi haustawi wala haufungi naitrojeni ya kutosha. Mikunde haitengenezi fosforasi. Huizungusha tu ile iliyopo.

Nakiri kwamba kuuchukua wastani mmoja na kuuweka juu ya mashamba yenye mavuno tofauti ni hesabu ya makadirio. Sileshi na wenzake wenyewe waliona mwitikio ukiwa mzuri zaidi kwenye maeneo yenye uwezo mdogo hadi wa kati. Tena, rutuba ya masalia haiishi msimu mmoja, na mkulima wa mukuna huokoa siku kadhaa za palizi. Hoja hizi zina uzito, ila hazibadili mwelekeo. Ili faida ya msimu wa tatu na wa nne ilipe njaa ya msimu wa kwanza, kaya lazima iwe na akiba ya kuivuka njaa hiyo, na kaya zenye ardhi iliyochoka ndizo zisizo na akiba. Kwa mtafiti, ardhi iliyoshikwa na mukuna ni kipande cha majaribio. Kwa kaya hizo ni chakula cha miezi sita.

Historia ya mukuna yenyewe inaunga mkono usomaji huu. Nchini Benin ilisambazwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na maelfu ya wakulima waliijaribu, hasa kwa sababu iliiua Imperata, nyasi sugu iliyokuwa ikiwafukuza mashambani. Nyasi ilipodhibitiwa, wengi waliiacha. Mbegu zake zina kemikali ya L-dopa na hazifai kuliwa bila maandalizi marefu, na soko la mbegu lilikuwa miradi yenyewe. Pwani ya kaskazini ya Honduras mukuna ilienea tangu miaka ya 1970 bila msukumo mkubwa wa serikali, na mfano huo hutajwa kila mahali. Kisichotajwa mara nyingi ni kwamba kule mvua ni nyingi kiasi cha kuruhusu misimu miwili kamili, mahindi hupandwa kwenye msimu wa pili wenye bei nzuri, na ardhi ya kukodi ilikuwepo. Masharti hayo yalipobadilika na ng'ombe wakachukua ardhi, mfumo ulipungua hata huko. Hakuna aliyesema wakulima wa Honduras walisahau elimu yao.

Hapa kwetu, Padre Gerold Rupper wa abasia ya Peramiho aliihimiza marejea mkoani Ruvuma kwa bidii ya miaka mingi, na mahali palipokuwa na ardhi ya kutosha ilifanya kazi. Inafaa kukumbuka kwamba magharibi mwa Kenya mmea huohuo hupandwa kila mwaka bila mradi wowote. Kule ni mboga. Wanaiita mitoo, na hununuliwa sokoni kwa mafungu.

Hoja yangu basi haipingi mikunde. Inapinga mikunde isiyolisha mtu, inayopandwa peke yake kwa msimu mzima. Mbadala upo na wakulima wameshauchagua. Arusha, Karatu na sehemu za Manyara wanapanda ngwara kati ya mahindi yaliyokwisha kuota. Mahindi yakivunwa, ngwara inabaki shambani, inatanda, inakinga udongo wakati wa kiangazi, na mbegu zake zinauzwa, nyingi zikivuka mpaka kwenda Kenya, ambako ngwara huitwa njahi na hupendwa. Babati wanachanganya mahindi na mbaazi za muda mrefu, ambazo hukua polepole wakati mahindi yanakimbia, kisha hudondosha majani miezi kadhaa baada ya mahindi kutoka. Katika mifumo hii hakuna msimu uliolipwa kwa njaa. Hata nyongeza ya mahindi ikiwa ndogo kuliko ile ya mukuna, jumla ya kilichoingia nyumbani ni kubwa zaidi.

Malawi imetoa kipimo kipana zaidi. Snapp na wenzake, katika makala ya mwaka 2010 iliyotokana na majaribio mashambani mwa wakulima nchi nzima, walionesha kwamba mahindi yaliyozungushwa na mikunde ya vichaka kama mbaazi yalihitaji karibu nusu ya mbolea kutoa nafaka inayolingana na ya mahindi matupu, na kuyumba kwa mavuno kulishuka kutoka asilimia 22 hadi 13. Kwa anayetegemea mvua, namba hiyo ya pili ndiyo kubwa. Kule Ekwendeni, kaskazini mwa nchi hiyo, wakulima waliopewa nafasi ya kuchagua waliegemea mikunde inayoliwa kuliko mukuna, na kina mama ndio waliosukuma uchaguzi huo.

Pingamizi zito la kitaalamu ni kwamba mkunde unaoliwa huondoka na naitrojeni yake ndani ya punje. Kwa soya na maharage ya muda mfupi pingamizi hili ni sahihi: ukivuna mbegu na kung'oa mabua, udongo unaweza kubaki maskini kuliko ulivyokuwa. Lakini si sahihi kwa mbaazi za muda mrefu na ngwara inayotambaa, ambazo huweka sehemu kubwa ya naitrojeni kwenye majani na mizizi. Aina ndiyo inayoamua, na hapa wataalamu wa uzalishaji wa mbegu wana deni, kwa sababu juhudi za kufupisha muda wa kukomaa na kuongeza punje zinaelekea kuondoa ile sifa inayosaidia udongo.

Pingamizi la soko nalo lina ukweli. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa kuagiza mbaazi, na bei nchini Tanzania ikaanguka vibaya. Waliolima kwa ajili ya meli waliumia. Hata hivyo mbaazi iliyokosa mnunuzi inaliwa nyumbani, na majani yake yalikuwa yameshaanguka shambani. Mukuna iliyokosa mradi haina njia hiyo. Tatizo jingine, la mifugo inayoachiwa kula mashambani baada ya mavuno, ambalo Giller na wenzake walilisisitiza mwaka 2009 katika ukosoaji wao wa kilimo hifadhi, halijapata jibu la kitaalamu, wala sidhani litapata. Ni suala la sheria ndogo za kijiji na usimamizi wake.

Sera bado zinapita pembeni. Azimio la Abuja la mwaka 2006 lilipima maendeleo kwa kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa hekta. Mkutano wa Nairobi wa Mei 2024 uliitaja afya ya udongo kwa uzito zaidi, lakini ruzuku zilizoanza Kenya na Tanzania mwaka 2022 zimebebwa hasa na mfuko wa mbolea. Siipingi mbolea. Uchambuzi wa Sileshi unaonesha kwamba nusu ya kiwango kinachopendekezwa, ikiwekwa baada ya mikunde, iliongeza mavuno kwa zaidi ya asilimia 25, na kwenye udongo uliokosa fosforasi mkunde wenyewe unahitaji mbolea hiyo ili uanze kufanya kazi. Ninachopinga ni kumgharamia mkulima nusu moja ya mfumo na kumwachia atafute mbegu ya nusu nyingine mwenyewe.

Nawaomba watafiti wenzangu na wahariri wa majarida kwamba kila jaribio la mikunde na mahindi lioneshe mavuno ya misimu yote ambayo ardhi ilishikwa, pembeni mwa mavuno ya mahindi matupu kwa muda uleule, pamoja na kilo za chakula kilichotoka kwenye mkunde wenyewe. Na wizara zinazopanga ruzuku ziingize mbegu za ngwara na mbaazi za muda mrefu, pamoja na fosforasi ya kuziotesha, kwenye orodha ileile ya urea kabla ya msimu ujao wa kupanda.